VINUNDU VYA MAPAFU: PICHA MOJA HAITOSHI

Mkulima wa mpunga wa Rujewa akikohoa majuma kadhaa hupimwa kwanza kifua kikuu, na ndivyo ipasavyo. Akipelekwa Mbeya mjini na kupigwa picha kwa mashine ya CT, huenda akarejea na karatasi isemayo kwamba ana kinundu pafuni. Tangu siku hiyo nyumba nzima hukosa usingizi. Jirani mmoja asema ni saratani, mwingine asema ni kovu la kifua kikuu, na wote wawili hawajaiona picha. Twaona yafaa kulieleza jambo hili, maana hofu isiyo na sababu humfilisi mtu, na utulivu usio na sababu humzika.

Kinundu ni doa la mviringo lisilozidi sentimita 3. Likizidi hapo, shaka ya saratani huwa kubwa mno. Mashine ya CT, iliyompiga picha mgonjwa wake wa kwanza mjini London mwaka 1971, hulionyesha pafu vipande vipande vyembamba, hivyo huona hata doa dogo lisiloonekana kwa eksirei ya kawaida. Kuona huko kwingi ndiko kunakozaa mashaka mengi. Matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani yaliyotangazwa mwaka 2011 yalihusu wavuta sigara wa siku nyingi zaidi ya 53,000: katika kila picha 100 za CT zilizotiliwa shaka, 96 hazikuwa za saratani. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 kwa waliopigwa CT, kuliko kwa waliopigwa eksirei. Basi asiyepuuze mtu.

Daktari hutazama nini? Kinundu kilichojaa chokaa kote, au chenye chokaa katikati, kwa kawaida ni kovu la maradhi yaliyopona. Chenye mafuta ndani yake nacho kwa kawaida si saratani. Ukingo laini hutia moyo, ingawa si ushahidi kamili. Ukingo wenye miiba kama miale ya jua hutia shaka. Saratani hupenda sehemu ya juu ya pafu.

Hapa ndipo penye tatizo letu. Kifua kikuu nacho hupenda sehemu ya juu ya pafu, nacho huweza kuacha doa lenye miiba. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa maradhi hayo. Hata mashine ya PET, ambayo huonyesha nyama inayokula sukari kwa wingi, huwaka kwa saratani na kwa kifua kikuu vilevile. Vumbi la miamba nalo hufanya vinundu vingi mapafuni. Wachimba dhahabu wa Chunya, na wazee wetu waliokwenda migodi ya Afrika Kusini kwa Wenela kabla ya Uhuru, ni watu wa kuulizwa kazi walizofanya kabla picha haijasomwa.

Shahidi bora basi ni wakati. Kinundu kigumu kisichobadilika kwa miaka 2 kwa kawaida si saratani. Saratani nyingi huongezeka ujazo mara mbili kati ya mwezi mmoja na siku 400 hivi, na msomaji asidhani kuwa ni lazima doa lionekane limekuwa kubwa sana: kinundu cha milimita 8 kikifika milimita 10, ujazo wake umekaribia kuwa maradufu. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2017, kinundu kimoja kigumu cha milimita 6 hadi 8 hupigwa picha tena baada ya miezi 6 hadi 12. Kikizidi milimita 8, hutazamwa tena baada ya miezi 3, au huchunguzwa kwa PET, au hunyofolewa kipande kwa sindano. Kanuni hizo hazikuwekwa kwa ajili ya walio chini ya miaka 35, wala kwa wenye upungufu wa kinga ya mwili. Na katika Nyanda za Juu Kusini virusi vya UKIMWI vimeenea kuliko katika mikoa mingi.

Tunalolihofia zaidi ni mgonjwa anayeanzishwa dawa za kifua kikuu bila kidudu kuonekana katika makohozi yake, akazimeza miezi 6, huku hakuna aliyeitazama picha ya pili. Mgonjwa huyo anayo haki ya kuuliza: makohozi yalionyesha nini, na picha ya pili ni lini? Eksirei ya miaka mitano iliyopita, iliyochomekwa darini nyuma ya magunia ya mpunga, yaweza kumwambia daktari kwa dakika moja jambo ambalo mashine mpya haiwezi kulisema. Itolewe, ipanguswe vumbi, ipande basi pamoja na mwenyewe kwenda Mbeya.