Kwenda Dar kwa Treni Kutoka Mkoa Usio na Reli

Kagera haijawahi kupitiwa na treni ya abiria. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu wa Bukoba na Muleba walikwenda Dar es Salaam kwa treni: jioni walipanda meli Bukoba au Kemondo, wakaamkia Mwanza, kisha wakashika Reli ya Kati, ambayo tawi lake kutoka Tabora lilifika huko mwaka 1928. Safari ilikula siku kadhaa, lakini barabara za wakati huo zilikuwa mbovu kiasi kwamba wapo walioona heri kuzungukia Kampala na Nairobi ili wafike Dar, mji wa nchi yao wenyewe.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaua watu zaidi ya 800. Wengi waliapa kutokanyaga meli tena. Baadaye lami ilipofika, pamoja na kipande cha barabara cha Kagoma hadi Lusahunga, abiria wengi wakahamia kwenye basi.

Sasa kuna reli ya kisasa, SGR. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar kwenda Dodoma kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na basi huchukua karibu mara mbili ya muda wake. Kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, kilianza kujengwa 2021. Reli ikikamilika yote hadi Mwanza, basi la masafa marefu litabaki na nani?

Mtu wa Mwanza mjini sina wasiwasi naye, atapanda treni. Wa Muleba ana hesabu nyingine, maana hasafiri mikono mitupu. Ana mkungu wa ndizi, ana gunia la maharage, na msimu wa senene ukiwadia ana ndoo ya shangazi aliyeko Tabata, Dar. Stendi ya Muleba mzigo huo unaingia kwenye buti la basi mara moja na kutolewa Dar. Akifuata reli, atapanda Hiace hadi Kemondo, meli hadi Mwanza, ndipo apande treni, na kila anaposhuka kuna kuli wa kulipwa. Meli ikichelewa treni ikamwacha, zile saa alizookoa atazimalizia kwenye benchi la stesheni, analinda ndizi.

Hata kwenye nchi tajiri treni haishindi kwa kasi peke yake. Kati ya Tokyo na Osaka, kilomita 515, inashinda tangu 1964 kwa kuwa treni zinafuatana kwa karibu na vituo vimo mijini. Treni ya Chicago hadi Los Angeles hutumia takriban siku mbili, na wenye haraka hupanda ndege.

Kwa Kagera ziwa ndilo la kuamua. Meli ya MV Mwanza imeundwa kubeba abiria 1,200, kama mabasi ishirini hivi. Meli moja yatosha kujaza treni. Lakini pasipo tiketi moja ya meli na treni, ratiba zinazosubiriana, na mzigo unaohamishwa bila mwenyewe kuugusa, SGR itakuwa reli ya watu wa Mwanza, na abiria wa Muleba ataendelea kukata tiketi ya basi.