NANI ALIIANGUSHA KILWA?

Katika mtihani wetu wa muhula uliopita tuliulizwa tueleze kwa nini miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki ilianguka. Nikaandika mbio mbio kwamba Wareno waliishambulia, nikatia na mizinga na moto na moshi, nikapata alama zote. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi. Lakini likizo ilipofika nikapata nafasi ya kusoma habari za Kilwa kwa utulivu, na kadiri nilivyosoma ndivyo zile alama zilivyoanza kunitia haya. Ndiyo sababu nimeomba kurasa hizi mbili za jarida letu nilijibu lile swali upya.

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kusini mwa pwani ya Tanzania, katika mkoa wa Lindi, yapata kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Leo kuna kijiji na magofu. Lakini kati ya karne ya 13 na ya 15 hakukuwa na mji mwingine wa kusini mwa pwani hii uliofua dafu mbele yake.

Utajiri huo ulitoka wapi? Kilwa haikuwa na mgodi hata mmoja. Dhahabu ilichimbwa mbali sana, katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala iliyoko Msumbiji. Kumbe siri yote ilikuwa upepo! Nahodha aliyetoka Arabuni au Bara Hindi alisukumwa na kaskazi hadi Kilwa, akauza vitambaa na shanga na vyombo vya kaure, akanunua dhahabu na pembe za ndovu, kisha kusi ikamrudisha kwao. Akitaka kuendelea hadi Sofala, pepo za huko hazikuwa za kutegemewa na mwaka ungeweza kumwishia njiani. Basi Kilwa ikaishika Sofala na kujiweka katikati. Ilikuwa kama yule mama mwenye kibanda pale steji: halimi mahindi, hana shamba, lakini hakuna apandaye gari bila kupita mbele yake.

Kuhusu mwanzo wa mji, tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 inasema kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shiraz, Uajemi, akakinunua kisiwa kwa vitambaa. Masimulizi yanasema vitambaa hivyo vilitosha kukizunguka kisiwa kizima! Hapa ndipo mimi na jirani yangu wa dawati tuliposhikana mashati (kwa maneno tu). Yeye alishikilia kwamba miji hii ilijengwa na wageni, Mwafrika akabeba mawe tu. Mimi nikamwambia, la hasha. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta kwamba watu walikuwa wakiishi Kilwa tangu karne ya 9 hivi, katika nyumba za udongo na miti, wakivua samaki, wakifua chuma na kufinyanga vyungu vyao wenyewe. Nyumba za mawe zilikuja baadaye, juu ya mji uliokuwepo.

Lakini haki itendeke, mwenzangu naye hakukosa kabisa. Mwaka 2023 wataalamu, mmoja wa viongozi wao akiwa mzaliwa wa Kenya, Profesa Chapurukha Kusimba, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya wakazi wa kale wa pwani, ikiwemo ya Kilwa. Walikuta kwamba tangu yapata mwaka 1000 wazee wa Kiafrika na wa Kiajemi walichanganya damu, kina mama wengi wakiwa Waafrika na kina baba wengi wakitoka ng'ambo. Tukapeana mkono. Na lugha ya watoto ikabaki ya mama zao, ndiyo hii yenye chama shuleni kwetu.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni sarafu. Kilwa ilifua sarafu zake yenyewe za shaba, na maneno ya upande mmoja yalitoa vina na maneno ya upande wa pili. Yaani mtu alikwenda sokoni na ushairi mfukoni! Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana huko Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Huyu al-Hasan ndiye aliyetawala Kilwa ilipokuwa kileleni. Alipanua Msikiti Mkuu na kuujenga kwa kuba, na jumba la Husuni Kubwa likajengwa juu ya jabali linalotazama bahari, kwa matumbawe na chokaa. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa lenye pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kupita yote, akasema wakazi wake wengi ni weusi wenye chale usoni. Alimsifu pia sultani kwa ukarimu, kwamba alimvulia fakiri mmoja nguo alizovaa, kisha akamwongezea watumwa na pembe za ndovu. Mimi hapo nilisimama kidogo. Ni ukarimu gani wa kugawa watu? Na Ibn Battuta huyo huyo anasema sultani alikuwa akivamia nchi za jirani na kurudi na ngawira. Wale wa bara hawakupata mtu wa kuwaandikia kitabu.

Sasa tuje kwenye anguko. Husuni Kubwa halikumalizika, liliachwa. Sehemu ya Msikiti Mkuu iliporomoka katika karne ya 14, na mji ukakaa muda mrefu kabla ya kuukarabati vizuri katika karne ya 15. Yapata mwaka 1450 Great Zimbabwe yenyewe ilihamwa, nguvu zikaenda kaskazini kwa Mwene Mutapa, na dhahabu ikaanza kupita mto Zambezi na bandari nyingine kama Angoche. Ile steji ilikuwa imehamishwa, mama wa kibanda bado amekaa pale pale.

Nyumbani nako hali haikuwa shwari. Maamiri na mawaziri waliwaweka na kuwaondoa masultani kama wachezaji wa karata, hata sultani akabaki jina tu. Wareno walipofika chini ya Francisco de Almeida, Julai 1505, mtawala alikuwa Amiri Ibrahim, ambaye hakuwa wa ukoo wa kifalme na wengi hawakumtambua. Amiri alikimbia, mji ukatwaliwa siku hiyo hiyo. Wareno wakamtawaza tajiri mmoja aitwaye Muhammad Ankoni, naye akauawa mwaka uliofuata. Wiki chache baada ya Kilwa, Mombasa nayo ilichomwa moto. Je, Malindi ilisaidia? Thubutu! Malindi ilikuwa na uhasama na Mombasa, na ilikwisha kuwakaribisha Wareno tangu 1498.

Lakini msinielewe vibaya, siwatetei Wareno. Miaka mitatu kabla, 1502, Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa kuitishia mizinga, na dhahabu hiyo ikatengenezwa chombo cha kanisa ambacho hadi leo kimo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Kilwa iliyumba karne ya 14 ikainuka tena karne ya 15. Pengine ingeinuka mara nyingine. Wareno waliinyima nafasi hiyo. Walitaka biashara yote ya dhahabu iwe ya mfalme wao, wafanyabiashara wakahamia kwingine, mji ukakauka. Walimchinja ng'ombe kisha wakaja na kibuyu kukama! Mwaka 1512 waliiacha ngome yao wakaondoka.

Basi jibu langu jipya ni hili: Kilwa ilipoteza kwanza njia ya dhahabu, ikapoteza umoja wa wakuu wake, halafu ndipo Mreno akaja na mizinga na kuizuia isiponyoke. Baadaye ilirudi kidogo katika karne ya 18 kwa biashara ya watumwa, na mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alitia sahihi mkataba wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Kurudi huko sikuoni kuwa kuinuka. Sultani wa mwisho alihamishiwa Omani katika miaka ya 1840.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa historia makala haya kabla ya kuyatoa. Aliyasoma yote, akacheka, akaniambia jibu hili ni bora kuliko lile la kwanza, lakini nisiwe na wasiwasi, alama zikishatolewa hazirudishwi.