Milioni 700 za Ohtani: pesa inatembea namna gani?

Wandugu, kila tukizungumza mishahara ya wachezaji, hakukosekani mtu wa kutupa ile namba: Shohei Ohtani, miaka 10, dola milioni 700. Wote wanashangaa, kisha mazungumzo yanaishia pale. Mimi ni mshabiki wa Los Angeles Dodgers, na ule wakati wa kununua wachezaji, mwisho wa 2023 kuingia 2024, niliufuata siku kwa siku. Acha niwaeleze, kwa sababu wenye kusoma ekonomi kati yetu wataona kwamba si habari ya mchezo tu.

Ohtani hapokei milioni 70 kila mwaka. Anapokea milioni 2. Zile 68 zinazobaki ni deni, na ekipe itaanza kulilipa 2034 mpaka 2043, bila riba. Hapa sote tuna shule ya kutosha, kwa sababu tumecheza likelemba. Anayekula wa kwanza na anayekula wa mwisho wanapokea kiasi kilekile, lakini si pesa moja. Wa kwanza amekwisha kununua mashine ya kusaga. Wa mwisho anakuta unga umepanda bei. Njo maana ligi yenyewe, ikipiga hesabu, inaihesabu ile kontra kama milioni 46 hivi kwa mwaka, si 70.

Kwa nini hesabu hiyo ina uzito? Besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara. Iko na kodi tu. Mwaka 2024, ekipe yenye mishahara inayopita milioni 237 ilipaswa kulipa kodi juu ya ile ziada. Toa 46 kwenye 70: zinabaki milioni 24 kila mwaka. Kipindi kilekile Dodgers walimchukua Teoscar Hernández kwa mwaka mmoja, milioni 23,5. Mwaka ule akapiga home run 33. Kumbe subira ya mtu mmoja inaweza kufungulia mwingine mlango.

Na mtu asifikiri deni limeandikwa kwenye maji. Sheria ya ligi inalazimisha ekipe kuweka pembeni pesa ya kulilipa, kila mwaka sehemu yake. Kule hawatoi ahadi za mdomo tu, sawa vile tumezoea kuona kwa viongozi fulani wa mpira.

Sasa, je, walinunua vizuri? Mimi naona ndiyo, lakini si kwa sababu ya bei. Yoshinobu Yamamoto alitoka Japani na kontra ya miaka 12, milioni 325, bila kurusha mpira hata mmoja katika ligi ile. Mechi yake ya kwanza, kule Seoul, alipigwa pointi 5 katika raundi moja. Watu wakacheka. Fainali ya 2025 dhidi ya Toronto alishinda mechi 3, na ya 7 ikiwa kati yao. Tyler Glasnow naye alipewa miaka 5, milioni 136 na nusu. Mwezi wa 8 wa 2024 kiwiko kikamwangusha, hakucheza fainali. Ekipe ilichukua kombe bila yeye. Mchezaji ni mwili, na hakuna kontra inayotibu kiwiko.

Kuna jambo lingine la kutufunza hapa kwetu. Kwa kumruhusu Yamamoto kuondoka, klabu yake ya Japani, Orix Buffaloes, ililipwa dola zaidi ya milioni 50. Aliyemkuza kijana akakula naye. Sisi vijana wetu wangapi wanaondoka, na klabu ya mtaa iliyowapa viatu vya kwanza haioni hata franka? Kwenye mpira wa miguu, sheria ya FIFA ya kulipa waliokuza iko. Lakini inadai karatasi: tarehe, leseni, saini. Kazi hiyo ingeweza kufanywa na wanasheria wetu tuliomaliza nao chuo.

Lakini furaha yangu ina wasiwasi ndani yake. Dodgers wamechukua makombe 2024 na 2025, na ekipe za miji midogo zinalalamika kwamba shindano limekwisha kabla ya kuanza. Mapatano kati ya ligi na wachezaji yanafika mwisho tarehe 1 Desemba 2026. Matajiri wengi wanataka kikomo cha mishahara; wachezaji wamekikataa tangu zamani. Mwaka 1994 ugomvi wa namna hiyo uliua msimu, fainali haikuchezwa. Mimi ningekubali Dodgers wabanwe kidogo kwenye haya madeni ya mbele, kuliko kupoteza msimu mzima. Kushinda peke yako uwanjani si kushinda.

Wanaekonomi na wanasheria wa group, mnasemaje?