SANTURI YA MAMA WA KIPUNJABI

HUKU Kisii na Nyamira, Mhindi anakumbukwa katika muziki kwa duka lake, si kwa sauti yake. Ukivuka mpaka wa Nyamira ukaingia Kericho, huko ndiko Chandarana alikokuwa akiwarekodi waimbaji wa Kigusii, Kijaluo na Kikipsigis na kutoa santuri zao ndogo. Mombasa nako Assanand alikuwa na chapa yake ya Mzuri, iliyosheheni taarabu. Mhindi auze, Mwafrika aimbe, ndivyo tulivyozoea.

Basi ipo santuri adimu ya Kihindi yenye mzizi wake hapa hapa Kenya. Inaitwa "Punjabi Disco", ya mwaka 1982. Mwimbaji ni Bi. Mohinder Kaur Bhamra, na aliyeitengeneza ni mwanawe, Kuljit Bhamra, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1959 na kupelekwa Uingereza angali mtoto. Walihamia Southall, magharibi ya London, ambako Wapunjabi waliotoka Bara Hindi walichanganyika na ndugu zao waliotoka Afrika Mashariki.

Bi. Mohinder hakuwa mtu wa disko hata kidogo. Aliimba nyimbo za dini katika mahekalu ya Makalasinga, akaimba na ghazali na nyimbo za harusi, Kuljit akimpigia tabla tangu utotoni. Katika harusi hizo wanaume walijiachia ukumbini, wanawake wakabaki kando. Mama huyu alikuwa akiwaita wanawake nao waingie kucheza.

Kwa msomaji wa Pwani, kutenganisha wake na waume harusini si jambo geni. Kwetu wanawake wana shughuli yao na ukumbi wao, na hakuna anayejiona kanyimwa. Wapo watakaosema Bi. Mohinder alivunja adabu. Mimi nadhani uzito wa jambo uko katika nani aliyeita. Hakuwa msichana wa klabu za usiku, alikuwa mama mzima, mwimbaji wa nyimbo za ibada. Wito ule ule ukitoka kinywani mwa mwingine ungezua fujo.

Kuljit akaitia sauti hiyo katika mitambo mipya ya wakati ule: kinanda cha umeme aina ya Roland SH-1000 na mashine ya ngoma, CR-8000. Mashine hiyo ilishikwa na mdogo wake Ambi, mtoto wa miaka 11! Gitaa la besi likapigwa na Rik Kenton, Mwingereza aliyewahi kuwa katika bendi ya Roxy Music. Sauti ya mama haikubadilika. Imetulia juu ya mdundo kana kwamba bado yuko harusini.

Sikio la Pwani halitapata taabu nayo. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na marehemu Juma Bhalo alizivisha tuni za filamu za Kihindi maneno ya Kiswahili hadi zikawa zetu.

Santuri ya 1982 haikuvuma. Nakala chache zilizosalia zikawa windo la wakusanyaji, mpaka mwaka 2025 kampuni ya Naya Beat ilipoitoa upya. Kuljit mwenyewe alikwisha kuwa mtengenezaji mkubwa wa muziki wa bhangra Uingereza, na mwaka 2009 alipewa nishani ya MBE.