Je, Wajua? Hidrojeni Yaweza Kutoka Kwenye Ethanoli ya Miwa
Molekuli moja ya ethanoli, ikipashwa moto na mvuke wa maji penye kichocheo, yaweza kutoa hadi molekuli 6 za hidrojeni. Lakini mmenyuko huo hukwama njiani, gesi zikishajazana. Utando wa metali ya paladi huukwamua: hidrojeni huachana kuwa atomi, hupenya ndani ya metali, kisha huungana tena upande wa pili, gesi nyingine zikizuiwa. Zao likiondolewa, mmenyuko husonga mbele. Paladi ni ghali, kweli. Ila utando wenyewe huweza kuwa wa maikromita chache tu, mwembamba kuliko unywele, na huchanganywa na fedha usije ukapasuka. Na kaboni dioksidi? Hutoka, lakini muwa uliivuta kutoka hewani. Hesabu ngumu ni ya gesi zitokanazo na mbolea na dizeli ya trekta katika kilimo cha miwa.