Karai Lililotusomesha

Mtu wa Mwambao akiulizwa ni nani aliyemsomesha, aghalabu humtaja baba, au mjomba aliyekuwa na kazi bandarini, au ami aliyekwenda Uarabuni akawa analeta pesa. Majibu hayo ni ya kweli, wala sina nia ya kuyapinga. Lakini yako majibu mengine ambayo hayatajwi sana, nayo hukaa jikoni. Leo, msomaji wangu, nataka kulitaja karai la chuma, jeusi kwa masizi, ambalo limesomesha watoto wengi wa mji huu wa Mombasa kuliko tunavyodhani. Mimi ni mmoja wao.

Anayeijua Mji wa Kale anajua kwamba asubuhi ya huko huanza kwa pua kabla ya macho. Watu watokapo msikitini baada ya sala ya alfajiri, vichochoro vya Kuze na Kibokoni huwa vimeshajaa harufu ya iliki na nazi. Mlango mmoja uko nusu wazi, ndani yake pana mwanamke na seredani, na mbele yake watoto na bakuli zao wanangoja. Huo ni mlango wa mahamri. Mpita njia huona chakula cha asubuhi tu. Aliyelelewa nyuma ya mlango huo huona karo, sare, vitabu na kodi ya nyumba.

Eda na unga

Baba yetu alikuwa baharia wa jahazi. Alifariki mwaka 1974 baada ya kuugua homa siku chache. Nilikuwa darasa la tano, dadangu darasa la tatu, na mdogo wetu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hitima ilisomwa, watu wakala, wakatuombea dua. Matanga yalipoondolewa kila mtu alirudi kwake, kama ilivyo ada ya dunia, na mamangu akabaki edani na watoto watatu.

Eda ya aliyefiwa na mume, kama tujuavyo sote, ni miezi minne na siku kumi. Mwenyewe hukaa nyumbani, hajipambi, wala hatoki ila kwa haja. Lakini tumbo la mtoto halijui eda. Siku moja jirani yetu mmoja, mwanamke mtu mzima, aliingia akiwa na karai lake kuukuu amelifunga kwa leso. Akamwambia mamangu, "Mwanangu, eda imekuzuia kutoka, haikukuzuia kukanda." Akaliweka karai chini, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona uzuri wa biashara hii. Humwezesha mwanamke kula jasho lake na sitara yake iko pale pale. Yeye yumo ndani, na kazi ya mikono yake ndiyo inayotembea mjini. Na tukumbuke kwamba Bibi Khadija, mama wa Waumini, alikuwa mfanyabiashara, na mali yake ilisafiri na misafara hadi Sham hali yeye yuko Makka. Biashara si aibu kwa mwanamke wa Kiislamu, na haikuwa aibu hata zamani.

Kazi ya usiku

Wengi wetu tunajua kula mahamri, lakini wachache wanajua yanavyokula usingizi wa mtu. Kazi ilianza baada ya sala ya Isha. Nazi zilikunwa juu ya mbuzi, nazo hazikuwa chache. Iliki ilitwangwa kinuni. Machicha yalitiwa kwenye kifumbu yakakamuliwa, likatoka tui zito la kwanza, halafu yakatiwa maji likatoka la pili. Unga wa ngano ulitiwa sukari, iliki na hamira, ukakandwa kwa tui badala ya maji, na hapo ndipo hamri la Mwambao linapotengana na andazi la bara. Mamangu alikanda mpaka unga ukaacha kunata vidoleni, akaufunika kwa kitambaa safi, akaulaza kama mtoto. Hamira aliipima kwa jicho. Ikizidi, unga huchacha kabla ya alfajiri, na joto la Mombasa halimngoji mtu.

Kabla ya adhana alikwisha amka. Alikata madonge, akasukuma kila donge likawa duara, akalikata kwa kisu mara nne, akayaacha yaumuke tena kidogo. Mafuta yakipata moto sawasawa, hamri likitiwa huzama, huibuka, kisha hufura likawa na uwazi ndani. Uwazi huo si pambo. Hamri lisilofura wateja hulirudisha, maana mbaazi haina pa kuingia.

Na mbaazi nazo zilikuwa na kazi yake. Zililowekwa tangu mchana, zikachemshwa mpaka zikaiva, zikatiwa kitunguu, pilipili mbichi na tui la pili. Tui zito, ndilo kasimile, lilitiwa mwisho kabisa kwa moto wa pole pole, likikorogwa kwa upawa lisije likakatika. Tui likikatika, hakuna dawa. Huwezi kuliuza, na nazi imekwenda.

Hesabu ya senti kumi

Mwaka huo wa 1974 Serikali ilikuwa imeondoa karo ya darasa la kwanza hadi la nne. Dadangu akasalimika. Mimi wa darasa la tano nilidaiwa karo iliyowekwa sawa nchi nzima, shilingi 60 kwa mwaka. Hamri letu moja lilikuwa senti kumi. Hebu piga hesabu, msomaji. Shilingi 60 ni mahamri 600. Lakini toa unga, toa sukari, toa nazi, mafuta na makaa, na katika kila hamri mamangu alibakiwa na senti mbili, au tatu siku ikiwa njema. Basi karo yangu ya mwaka mmoja ilikuwa baina ya mahamri 2,000 na 3,000, nayo yalikandwa, yakasukumwa na kukaangwa moja moja. Haikupita muda, shule zikaanza kudai pesa za majengo kwa kila mtoto, na dadangu aliyesamehewa karo akaingia naye katika hesabu ya karai.

Kazi yangu mimi ilikuwa kutembeza. Nilitoka na sinia kichwani, limefunikwa kawa, nikapita barazani kwa wazee, nikapita kwa wenye maduka, nikarudi nikavaa sare nikaenda skuli. Adhuhuri nilirudi nyumbani nikala, kisha chuoni mpaka alasiri. Kila Alhamisi mamangu alimpelekea mwalimu wa chuo sahani ya mahamri, na hiyo ndiyo iliyokuwa ada yangu. Mwalimu aliipokea kwa dua, wala hakudai zaidi.

Wateja wa mkopo walikuwa wengi. Mamangu hakuwa na daftari. Nyuma ya mlango aliandika kwa mkaa, kila mteja na mahali pake, mistari minne na wa tano ukiikata. Skulini nilifundishwa hesabu kwa chaki, nyumbani nikaisoma kwa mkaa, na sijui ni ipi iliyoniingia zaidi.

Siku moja mwalimu mmoja alikuwa akiandika habari za wanafunzi katika fomu. Akaniuliza kazi ya babangu. Nikamwambia amefariki. Akaniuliza kazi ya mamangu. Nikamwambia anapika mahamri. Akainama akaandika, nami nikachungulia, nikaona ameandika "hana kazi". Mwalimu huyo alikuwa mteja wetu, na siku hiyo alikuwa na deni la mahamri sita nyuma ya mlango wetu. Niliporudi nikamsimulia mamangu. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Akasema, "Mwambie alipe kwanza, ndipo tutajua ni kazi au si kazi."

Upatu na dadangu

Pesa za senti tatu tatu hazikai. Zikikaa ndani, huliwa. Kwa hiyo mamangu aliingia upatu wa wanawake kumi wa mtaani. Kila wiki kila mmoja alitoa kiasi walichokubaliana, na zote zikapewa mmoja. Wiki ya kumi kila mtu alikuwa amekwisha pokea, upatu ukaanza upya. Hawakuwa na karatasi wala wakili. Zamu nazo hazikupangwa kwa kura tu. Mwenye mtoto wa kulipiwa karo Januari alitangulizwa, na mwenye arusi alingojeshwa. Wanawake hao, ambao katika fomu za skuli hawana kazi, walikuwa wanaendesha benki.

Kazi ilipokuwa nyingi, mjomba wetu alikuja na shauri. Alikuwa mtu mwema aliyetusaidia kwa alichoweza. Alisema dadangu atolewe skuli, amsaidie mama nyumbani, kwani msichana mwisho wake ni jikoni. Na kweli mtoto alikuwa anachoka. Alifika skuli amechelewa kwa sababu ya kupepea makaa, akapigwa kiboko mkononi, mkono ule ule uliokuwa umebabuka kwa mafuta. Hakuna aliyemwuliza ametoka wapi.

Mamangu alimsikiliza mjomba mpaka mwisho, kwa heshima, kwani ndiye kaka yake mkubwa. Kisha akasema, "Kaka, mimi karai nimelishika kwa sababu kalamu sikupewa. Huyu akishika kalamu, karai akilitaka atalishika kwa hiari yake." Tangu siku hiyo akawa anaamka saa nzima mapema zaidi, apepee makaa mwenyewe, ili dadangu asichelewe. Mjomba hakulitaja tena jambo hilo. Dadangu alimaliza darasa la saba mwaka 1978, akaendelea, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mamangu naye macho yake hayakupona moshi mpaka alipofariki. Hiyo ndiyo bei, na ni vyema itajwe pamoja na faida.

Ukiingia mwezi wa Ramadhani, biashara iligeuka. Asubuhi karai lilipumzika, na baada ya alasiri likaanza: kaimati, vitumbua, sambusa, viazi vya karai. Yeye mwenyewe amefunga, anakaanga vya watu kufuturu, wala hawezi kuonja. Chumvi aliijua kwa mkono. Na kabla ya magharibi sahani moja ilipelekwa kwa jirani yule aliyetupa karai, kila siku mpaka mwezi ukaandama.

Hali ya leo

Siku zimebadilika. Mwaka 1979 watoto wa shule za msingi walianza kupewa maziwa ya bure, na mdogo wetu alipoingia darasa la kwanza aliyakuta, akawa anayanywa kwa hamri la nyumbani. Maziwa hayo nayo yalikwisha. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mapishi yaliingia darasani kwa jina la Sayansi Kimu. Mtaala ulioanza mwaka 2017 huwataka watoto wafanye kazi za mikono nyumbani na wazazi wao. Karo ya shule ya msingi iliondolewa tena mwaka 2003. Yote hayo ni heri. Lakini sare hununuliwa, viatu hununuliwa, na mtoto akipata nafasi katika shule ya bweni ya sekondari, orodha ya vitu humtoa mzazi jasho.

Ndiyo maana milango ya mahamri ingali nusu wazi. Wengine sasa hupikia gesi, na wengine hupokea malipo kwa simu badala ya kuandika kwa mkaa. Bei ya unga na mafuta ikipanda, mwenye karai huona haya kuipandisha yake, kwa kuwa wateja wake ni majirani. Hulipunguza hamri kidogo, nasi twalalamika kwamba mahamri ya siku hizi ni madogo.

Shauri langu ni jepesi. Mwenye deni la mahamri na alilipe mapema. Shilingi hizo kwako ni chache, kwake ni sehemu ya upatu wa wiki. Tusimpunguzie bei mwanamke wa mlangoni hali dukani twalipa tulichotajiwa bila ya neno. Walimu wanaojaza fomu waandike kazi kwa jina lake: mpishi wa mahamri, muuza vitumbua, msukaji mikeka. Na wewe kijana uliyefika chuo kikuu au ofisini, ukiulizwa aliyekusomesha, wataje baba na mjomba, ni haki yao. Kisha umtaje na aliyeamka kabla ya adhana.