Kutoka ufukweni hadi Ziwa Michaelson: mzunguko wa Chogoria kwa mtu wa Pwani

Mtu wa Pwani ukimwambia twende matembezi, mawazo yake huenda mchangani. Unatoka Shela maji yamekupwa, unafuata ufuo hadi miguu ichoke, unageuka kabla hayajajaa. Kwa hivyo nilipotangaza barazani kwamba nimerudi Meru nilikokwenda kuzunguka kando ya maji, watu walicheka. "Meru kuna bahari?" aliuliza mmoja. Bahari hakuna. Kuna ziwa dogo lililokaa chini ya jabali, mita 3,950 juu ya usawa wa bahari, lina ufuo wake, na maji yanayotoka humo hatimaye huja kwetu.

Ninaandika haya si kwa kusifu safari. Naona vijana wetu wa Mombasa na Kilifi wanajiunga na vikundi vya kupanda mlima, wanapanda basi Ijumaa usiku, na Jumapili wanataka wawe wameshapiga picha juu Mlima Kenya ili Jumatatu wawe kazini. Safari ya aina hiyo inaweza kuua mtu, na anayepatikana zaidi ni yule mwenye nguvu na haraka.

Kwanza njia yenyewe. Mlima Kenya una njia kadhaa za kupandia, na ile ya upande wa mashariki ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho: njia ya Chogoria. Mji wa Chogoria siku hizi uko kaunti ya Tharaka-Nithi, ingawa wazee bado wanauhesabu Meru. Kutoka Pwani unapita Nairobi, Thika, Embu, Runyenjes, Chuka, kisha Chogoria. Kutoka mjini hadi lango la mbuga ni barabara ya msituni ya kama kilomita 30, na mvua ikinyesha hugeuka tope ambalo gari la kawaida haliliwezi. Langoni uko mita 2,950. Ada hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kupitia eCitizen, na ni afadhali ulipe ungali mjini penye mtandao. Usiende peke yako. Chukua mwongoza njia wa pale pale, maana ukungu ukishuka hata waliozaliwa huko huenda kwa tahadhari, na nyati wa msituni hawajali umetoka wapi.

Watu wengi hupanda Chogoria wakashukia upande mwingine, Sirimon au Naro Moru. Mimi nawashauri watu wetu wafanye mzunguko: watoke langoni, warudi langoni. Siku ya kwanza ya kutembea unakata katikati ya vichaka vya mlimani hadi Ziwa Ellis, karibu mita 3,500, ambako nchi ni wazi na usiku nyota ni nyingi kama za baharini taa za mji zikishapotea. Siku ya pili unaingia bonde la Gorges. Hapa ndipo penye utamu. Pande zote mbili kuta za mawe zinapanda, chini mto Nithi unapiga kelele, na kando ya njia imesimama mimea ambayo mtu wa Pwani hana mfano wake: lobelia zilizonyooka kama minara midogo, na miti ya senesio yenye kichwa cha majani makubwa, ambayo usiku hujifunga majani yake kama mtu aliyejifunika blanketi. Mwisho wa bonde ndipo lilipo Ziwa Michaelson. Maji yake hayatikisiki mpaka upepo wa alasiri uje. Ufuo ni wa nyasi na kokoto, na unaweza kupiga hema hatua chache tu kutoka majini. Mpwa wangu, aliyekulia Old Town akiruka majini tangu ana miaka minne, alisema ataoga. Alitia miguu hadi vifundoni, akatoka mbio.

Siku ya tatu unapanda kutoka ziwani hadi kwenye vidimbwi vya Hall Tarns na kambi ya Mintos, zaidi ya mita 4,200. Karibu na hapo kuna ukingo wa jabali uitwao Temple. Unasimama, chini yako kuna mteremko wa mita 300 hivi, na lile ziwa ulilolala kando yake jana linaonekana kama sahani. Kisha unarudi kwa mgongo wa mlima, ziwa likiwa kulia kwako na nyanda za Meru na Embu mbele, mpaka ulikoanzia. Anayetaka Lenana, kilele cha mita 4,985 kinachofikiwa kwa miguu bila kamba, ataongeza siku. Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, ni vya wapanda miamba, hivyo tuviache.

Sasa nije kwenye hewa, ndiyo hasa iliyonifanya nikae chini kuandika.

Wengi hudhani juu mlimani oksijeni ni kidogo kwa sababu hewa imebadilika. La. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, karibu asilimia 21, Mombasa au Lenana. Kinachopungua ni uzito wa hewa inayokukandamiza. Karibu na kilele uzito huo ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ule wa ufukweni, kwa hivyo kila pumzi unayovuta inaingiza oksijeni chache mno. Mwili unaweza kuzoea: unapumua kwa kasi zaidi, figo zinarekebisha damu, baadaye chembe nyekundu zinaongezeka. Lakini kazi hiyo inachukua siku, haichukui saa. Ndugu zetu wanaopiga mbizi kwa mitungi wanalijua jambo hili kwa upande wa pili. Hakuna mpiga mbizi mwenye akili atakayepanda kutoka kilindini kwa pupa, kwa kuwa uzito ukibadilika ghafla mwili huumia. Mlimani ni vile vile, ila hapa hakuna mtu anayekushika mguu.

Kanuni ambayo madaktari wa milimani wameizoea ni rahisi: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pamoja mara mbili. Kinachohesabiwa ni unapolala. Mchana unaweza kupanda juu ukarudi chini, na hilo linasaidia. Angalia sasa mzunguko niliouleza: langoni 2,950, Ellis karibu 3,500, Michaelson 3,950. Unakubaliana na kanuni karibu bila kujaribu. Njia ya Sirimon, inayopendwa na wengi kwa kuwa si ya tope, ina kambi ya Old Moses mita 3,300 na ya Shipton's mita 4,200. Hiyo ni kuruka mita 900 kwa usiku mmoja, na anayeipita bila kulala katikati anajitia hatarini. Zaidi ya hayo sisi tunatoka sifuri. Mtu wa Nanyuki analala karibu mita 2,000 maisha yake yote. Sisi hata kabla ya lango tunapaswa kulala usiku mmoja Embu au Chogoria, na wa pili langoni penyewe.

Safari yangu ya mwanzo, miaka kadhaa nyuma, haikuwa hivyo. Tulifika kwa basi la usiku, mchana gari likatupandisha hadi karibu na Ziwa Ellis, kesho yake jioni tuko Mintos. Mpwa wangu alikuwa mbele njia nzima akituita wazee. Saa mbili usiku alikataa kula. Kichwa kinamgonga, anasema, lakini si neno. Saa nne alitoka hemani kwenda haja, nikamwona anayumba kama mtu aliyeshuka jahazini baada ya siku tatu za dhoruba. Mwongoza njia wetu, kijana wa Chogoria, alimwambia atembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole. Hakuweza.

"Mzee," akaniambia mimi, "tunashuka sasa."

"Si tungoje kupambazuke?"

"Hapana. Huyu hangojwi."

Mpwa wangu mwenyewe alibisha: "Mjomba, nina usingizi tu, niacheni nilale." Hayo ndiyo maneno ya kuogopwa. Tulimshusha usiku ule kwa tochi, wawili wamemshika mabega, na tulipofika chini ya mita 3,500 alianza kuzungumza maneno yenye kueleweka. Asubuhi aliomba chai.

Basi jueni dalili. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi wa mang'amung'amu: simama hapo ulipo, usipande tena mpaka ziishe. Kuyumba, kuchanganyikiwa, kupayuka: ubongo umeanza kuvimba. Kuhema ukiwa umekaa, kikohozi kisichokoma, hasa chenye povu: mapafu yanajaa maji. Katika hali hizi mbili za mwisho dawa ni kushuka, mara moja, hata kama ni usiku wa manane, hata kama mmeshalipia. Kuna vidonge, asetazolamidi, vinavyousaidia mwili kuzoea. Muulize daktari kabla ya safari, na usivifanye ruhusa ya kukimbia. Kunywa maji, acha sigara, na mirungi pia, ingawa utapita mashambani kwake.

Kuhusu baridi nitasema machache. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Mombasa ikiwa 30, Mintos mchana utapata nyuzi tano, na usiku maji ya chupa yataganda. Kikoi ni cha kufunga shingo tu. Nguo za pamba zikilowa hazikukaushi, zinakugandisha. Tafuta sufu au nguo za michezo. Mitumba ya Kongowea ina makoti ambayo Mombasa hakuna anayeyagusa, na huko juu utayashukuru. Jua nalo, kwa wembamba wa ile hewa, linachoma kuliko la Diani.

Wakati mzuri ni kiangazi cha Januari na Februari, kaskazi inapovuma, au Agosti na Septemba. Masika usiende. Upande wa Embu na Chogoria ndio wenye mvua nyingi kuliko pande nyingine za mlima, na sababu ni sisi: pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu hadi zikagonga mlima, na hapo zinamwaga. Kwa hiyo maji ya Ziwa Michaelson kwa sehemu kubwa yalitoka baharini. Na yanarudi. Yanatoka kwa mto Nithi, yanaingia Tana, yanapita Garissa, Hola na Garsen, mpaka Kipini. Mito ya Embu nayo inaishia katika Tana hiyo hiyo, kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yanayotupa umeme. Tana ikidhoofika, watu wa Ozi wanajua kabla ya mtu mwingine yeyote, maana maji ya chumvi hupanda mtoni yakaua mpunga na migomba yao. Barafu ya mlimani si ndiyo inayojaza mto, ni mvua na misitu. Lakini barafu yenyewe inakwisha. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeonya kwamba huenda isibaki katika miaka ya 2030. Ukitaka kuiona, usichelewe.

Wameru wenyewe wanasimulia kwamba walitoka baharini. Katika masimulizi yao kuna mahali paitwapo Mbwaa, kisiwa penye maji yanayokupwa na kujaa, ambako babu zao walitawaliwa na watu wa nguo nyekundu mpaka wakatoroka usiku kwa kuvuka maji. Wako wanahistoria walioifuata hadithi hiyo hadi Manda, kule Lamu, na wako wasiokubali. Mimi sina haja ya kuamua. Ila mzee mmoja wa Chogoria alipoambiwa tunatoka Pwani alitutazama sana, akasema, "Basi nyinyi mlibaki."

Watu wetu nao waliufika mlima huu zamani. Krapf aliuona kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, akitokea Rabai, na Ulaya ikakataa kuamini kwamba ikweta kuna theluji. Mwaka 1899 Mackinder alipofika kileleni Batian na Wataliano wawili, Ollier na Brocherel, msafara wake ulikuwa na Waswahili 66. Vitabu vimeandika majina ya vilele. Majina ya wale 66 sijayaona kokote kwenye mlima, si kambi, si kidimbwi.

Mwaka jana nilirudi na mpwa wangu yule yule. Safari hii tulilala Embu, tukalala langoni, tukalala Ellis, tukalala Michaelson, na Temple tulifika saa tatu asubuhi tukiwa na njaa. Hakuwa mbele. Wakati wa kurudi basi liliteremka daraja la Nithi, lile ambalo Julai 2022 basi la kutoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Abiria walinyamaza wote. Dereva alikuwa anakwenda kwa gia ndogo, na mpwa wangu aliinama dirishani kuyatazama maji.